Kiota cha Kuku cha Mzee Melkior

Jumatatu, 13 Desemba 1993

Mdomo wangu huu! Siku moja nitaushona kwa sindano ya gunia.

Jana nilipanda mlimani, Mwika, kumsalimia Mzee Eliakim, baba yake mpenzi wangu Gladys. Kusalimia tu! Shikamoo, marahaba, bakuli la mtori wa ndizi, nirudi zangu Soweto, Moshi mjini. Gladys alinionya mlangoni kwamba leo nisijisifu. Nikamwahidi. Ahadi ilidumu mpaka mtori ulipopoa.

Mzee akaleta sahani ya santuri, ameifunga kwenye kitambaa cha meza kama mtoto mchanga. Akasema humo kuna kwaya ya usharika wao, ya zamani, na anayeongoza wimbo wa pili ni marehemu mkewe, Aikaeli, mama yake Gladys. Katikati kuna mjinga mmoja kakohoa, hajulikani nani mpaka leo, lakini siku hizi hata kile kikohozi anakitamani. Santuri yake ya kuipigia iliharibika, kisha mama akafariki. Tangu hapo hajamsikia. Gladys ndiyo kabisa, sauti ya mama yake haikumbuki.

Hapo mtu mwenye akili anasema pole, ananyamaza. Mimi nikasema: Mzee, hilo tu? Mimi nina mashine kamili nyumbani, ikiimba vioo vinatikisika! Gladys akanikanyaga chini ya meza. Nikadhani ananipongeza.

Mzee akanitazama weee. Akasema yeye Mlutheri, mimi Mroma, na kazi yangu ameulizia kwa watu wengi hakuna aliyeweza kumweleza. Lakini siku ya pili ya Krismasi watoto wake wote watakuwa wamepanda nyumbani. Nikiwasikilizisha sauti ya mama Gladys siku hiyo, nilete mbege, pombe ya ndizi ya kuombea uchumba, ataionja. Nikishindwa, kihamba chake, shamba lile la migomba lenye nyumba yake, nisikikanyage tena.

Sasa ukweli. Santuri ninayo, nzuri, niliipata mnadani, ya mwalimu mzungu aliyerudi kwao. Spika mbili ninazo. Amplifaya, lile sanduku la katikati linaloipa sauti nguvu, sina. Bila amplifaya, santuri ni meza inayozunguka.

Haidhuru. Krismasi bado mbali. Mimi ni Primus!


Jumatano, 15 Desemba

Nimeanza kutafuta. Sharti langu moja: iwe rahisi. Rahisi ya kwangu, siyo rahisi ya madukani.

Kwanza mhubiri mmoja wa mikutano ya nje, pale karibu na hospitali ya Mawenzi. Ana amplifaya inayotumia betri ya gari, na tarumbeta lake la bati. Akaniwashia. Akasema haleluya moja, mbuzi wa jirani akakata kamba. Nikafikiria Mzee Eliakim anatamani kumsikia marehemu, halafu marehemu anamfokea hivyo. Hapana. Nikashukuru, nikaondoka. Mhubiri akanifuata na lile tarumbeta mpaka kona, ananiuliza kama nimeokoka. Mtaa mzima sasa unajua bado sijaokoka.

Halafu Gladys akanitumia ujumbe kwamba jirani yao kulekule Mwika, Mzee Melkior, anayo amplifaya ya zamani. Alikuwa mhudumu kwenye hoteli moja yenye ukumbi wa dansi. Ukumbi ulipofungwa akapewa mashine kama kiinua mgongo.

Nikapanda Mwika. Nikakuta Mzee Melkior na wenzake wamekaa na mbege yao. Akanionyesha. Yesu na Maria! Sanduku la mbao, zito kama jiwe la kusagia. Kitufe kimoja kimepotea, amechomeka gunzi la muhindi. Hakuna taa hata moja. Na juu yake amelala kuku. Kuku mzima, ana mayai! Mzee Melkior akaeleza kwa utaratibu kwamba ikiwashwa inapata joto, kuku wanaipenda.

Wazee walikuwa wananitazama, nikaona nichangamshe baraza. Nikasema: Mzee, mimi nimekuja kununua amplifaya, kiota cha kuku ninacho kwetu!

Wakacheka mpaka mmoja akamwaga kata. Kitu kitamu sana kuchekesha watu. Mzee Melkior peke yake hakucheka. Alimfunika kuku wake na kitambaa, akaniambia njia ya kutokea ninaijua.

Hana utani yule.


Alhamisi, 16 Desemba

Nimepata! Nimepata!

Iko dukani kwa Jovin, huyu anayerekodi kaseti karibu na soko. Huyu Jovin simpendi. Ana pikapu, ana meno yote, na Gladys kila akishuka mjini lazima apite kwake. Anasema anafuata kaseti za kwaya. Kaseti gani hizo zisizoisha?

Lakini amplifaya yake! Imetoka Dubai. Nyeusi, inang'aa, ina taa nyekundu na kijani zinazopanda na kushuka kama watu wanaokimbilia ngazi. Nikasimama pale kama ng'ombe aliyeona treni.

Nikamwambia tubadilishane na baiskeli yangu. Jovin akauliza nataka kuifanyia nini. Nikasema santuri. Akatikisa kichwa. Akasema aisee Primus, hii haina tundu la santuri. Sauti ya santuri ni nyonge, inataka amplifaya yenye tundu lake maalumu la kuinyanyua kwanza. Za zamani zinalo, hizi mpya ni za kaseti na redio.

Nikacheka moyoni. Anaogopa! Amejua ni ya kwa kina Gladys! Nikamwambia mbe, ndugu yangu, acha ujanja wa kitoto, matundu yako manne hapo nyuma, wewe unaniambia hakuna tundu? Akarudia tena. Akamwita na fundi wake aniambie. Nikasema na fundi wako naye umempanga.

Mwisho akachoka, akasema lete baiskeli. Wala hakuitazama vizuri ile baiskeli yangu, breki haina. Nimempiga bao la kisigino!


Ijumaa, 17 Desemba

Nimeunga kila kitu. Santuri, amplifaya, spika. Nikaweka sahani yangu ya dansi. Majirani nimewaita, wamekaa kwenye ndoo. Nikashusha sindano.

Taa zikawaka. Zikapanda, zikashuka. Nzuri ajabu!

Sauti hakuna.

Nikafungua mpaka mwisho. Nikaweka sikio kwenye spika. Kumbe wapo! Wanaimba kwa mbali sana, kama mbu aliyefungiwa kwenye kibiriti. Na nyuma ya mbu kuna mngurumo, nguuu, kama mashine ya kusaga imeanza kazi.

Mama Justina wa chumba cha pili akauliza huyo anayelia humo ndani ni nani na kwa nini hatumtoi. Majirani wakabeba ndoo zao.


Jumamosi, 18 Desemba

Nimejaribu ujanja. Nimeweka spika kwenye sufuria kubwa ili sauti ikue. Sasa ni mbu kwenye sufuria. Nimejaribu na pipa. Mbu kwenye pipa. Nimebadilisha matundu yote manne. Tundu la tatu limetoa harufu, nimeliheshimu.


Jumatatu, 20 Desemba

Nimekwenda kwa Jovin na amplifaya begani. Nimeingia na uso wa msiba ili anihurumie. Nikasema amplifaya yake mbovu. Akaweka kaseti, ikapiga mpaka chupa za soda zikacheza rafuni. Akasema nzima. Akamwita fundi wake ashuhudie kwamba aliniambia. Fundi akasema alimwambia. Wateja wawili wakasema hata wao walikuwepo, alimwambia. Mji huu watu hawana kazi.

Kuhusu baiskeli, akasema kampelekea mtu mlimani, na mtu yule anamtafuta kwa ajili ya breki.

Halafu, kwa upole kabisa, upole uliniuma kuliko tusi, akasema amplifaya yenye tundu la santuri huku kwetu anaijua moja tu. Iko Mwika. Ya Mzee Melkior.

Nikatoka nje, nikakaa kwenye tofali.


Jumanne, 21 Desemba

Gladys ameshuka mjini leo. Anasema baba yake ameifuta ile sahani na pamba na maji ya uvuguvugu. Amenyoa. Amewaambia kaka zake Gladys wa Dar wasichelewe. Amemwalika mchungaji! Kila asubuhi anauliza kama Primus ni mtu wa maneno au wa vitendo, na Gladys anajibu baba, ngoja tuone.

Nikamweleza yote. Mbu, sufuria, kiota cha kuku. Nilijua atalia. Hakulia. Akasema: wewe Primus, nilikuomba kitu kimoja tu, ufunge mdomo. Mama yangu sijawahi kumsikia akiimba nikiwa na akili zangu. Umemwambia baba atamsikia. Sasa nenda ukamsikilizishe.

Akaondoka bila kwaheri.

Sijalala vizuri mchana, na mimi mchana huwa nalala.

Lakini kichwa hiki! Isale! Si tunalo isale? Mchagga akikukosea, akaja na jani la isale amelifunga fundo, lazima umsamehe. Hata kama kakuchomea ghala. Kulikataa ni kujitakia laana. Basi nitampelekea Mzee Melkior isale. Atake asitake anisamehe, na akishanisamehe atanionea aibu kuninyima mashine. Labda anipunguzie na bei!

Primus, wewe ulipaswa kuwa mbunge.


Jumatano, 22 Desemba

Niandike taratibu.

Nimefika Mwika asubuhi, manyunyu, tope. Karibu na kwa Mzee Melkior ndiyo nakumbuka isale lenyewe sijabeba. Soweto isale utalitoa wapi, kule tumepanda antena. Nikatazama huku na huku. Kumbe yamejaa! Mstari mzima wa masale, marefu, ya kijani, pembeni mwa kihamba. Nikasema Mungu ni Mroma.

Kisu sina. Nikavuta jani. Gumu. Nikakanyaga shina, nikavuta kwa mikono miwili. Ardhi imelowa. Nikasikia pwaa! Nikakaa chini kwenye tope, na isale zima mapajani, mizizi na udongo wake, kama nimejifungua.

Sasa nifanye nini? Nikafunga fundo majani ya juu, nikalibeba lote. Nikaingia kwa Mzee Melkior kama mtu wa maandamano. Shikamoo Mzee. Akasita. Marahaba. Nikapiga goti, nikasema naomba unisamehe kwa maneno ya kiota cha kuku. Na pia naomba kuazima kiota.

Mzee akalitazama isale kuanzia juu mpaka kwenye mizizi. Akauliza kama huko mjini siku hizi msamaha unauzwa na mizizi yake. Halafu akachungulia nyuma yangu, kwenye ule mstari. Kukawa na pengo, kama jino limeng'oka. Rangi ikamtoka.

Hapohapo upande wa pili wa pengo kikatokea kichwa cha Mzee Eliakim. Amenyoa vizuri. Akapiga kelele: Melkior! Umeanza tena!

Mama yangu wee. Ule mstari ni mpaka! Baba wa Melkior na baba wa Eliakim walipigana panga kwa ajili ya mpaka ule, na siku walipopatanishwa ndipo wakapanda masale yale, kwa mikono yao, pamoja. Sisi hatuna jiwe la serikali, isale ndiyo jiwe. Ukiling'oa umesogeza shamba la mtu.

Wazee wakaanza Kichagga kile cha zamani, kile kisichotafsiriwa mbele ya watoto. Huyu anasema ukoo wenu wezi wa ardhi tangu enzi ya Mjerumani. Yule anasema ninyi mngeweza kuiba mlima mngehamishia uani kwenu. Mzee Melkior ananyoosha kidole kwenye pengo. Wake za watu wamesimama mlangoni. Gladys akatokea, akaniona na isale, akajifunika uso na khanga.

Hakuna aliyekuwa ananitazama mimi. Njia ya barabarani ilikuwa nyeupe. Miguu yangu ilishageuka.

Lakini nikawaza nikikimbia, mwisho wa mwaka huu wazee hawa wako mahakamani. Krismasi yao imekwisha. Sahani inarudi kwenye kitambaa. Na amplifaya ndiyo basi.

Nikainua isale juu nikapiga ukelele: Ni mimi! Nimeling'oa mimi! Nilikuwa naomba msamaha!

Wazee wakageuka. Hata kuku walinyamaza.

Nikaeleza. Halafu, sijui akili ile ilitoka wapi, nikachana majani, nikafunga fundo moja, nikampa Mzee Melkior. Nikafunga lingine, nikalipitisha kwenye pengo, nikampa Mzee Eliakim. Mzee Eliakim akaligeuzageuza. Akasema miaka yake yote hajawahi kuombwa msamaha wa kung'oa isale kwa isale hilohilo lililong'olewa.

Aliyeanza kucheka ni Mzee Melkior. Alicheka akashika nguzo. Mzee Eliakim akang'ang'ana asicheke, pua ikamsaliti. Halafu wote wawili. Mimi nilibaki nimepiga goti, tope mpaka kiunoni, na machozi yananitoka. Ya raha, jamani. Kama mtu aliyetolewa mwiba.

Wamenisamehe, lakini hukumu ipo. Nizibue mfongo, ule mfereji wa maji, kuanzia kwa mmoja mpaka kwa mwingine. Isale litarudishwa shimoni wao wenyewe wakisimamia, ila baada ya sikukuu. Maana Mzee Melkior kasema mashine yake haitoki nyumbani, kuku analalia. Waya za spika zipite kwenye pengo.

Nikauliza taratibu kama na bei itapungua. Mzee Melkior akasema isale ni la msamaha, siyo la punguzo.

Nilijaribu tu.


Ijumaa, 24 Desemba

Mfongo. Mgongo. Sina la kuandika.


Jumapili, 26 Desemba

Imepiga!

Niandike yote nisisahau. Ukoo wote umekuja. Kaka za Gladys na mashati ya Dar, mchungaji, watoto wengi kama siafu. Mbege imejaa mapipa. Na nani anaingia na pikapu, amebeba mbuzi wa ndafu, wa kuchomwa mzima? Jovin! Nikasema haya, mwenye meno kaja kuposa.

Kumbe yuko na mchumba wake, Stella, binamu yake Gladys! Ndoa Januari, kanisani kwao. Zile kaseti za kwaya zilikuwa za maandalizi ya harusi, Gladys ndiye anayechagua nyimbo. Nikamkumbatia Jovin kwa nguvu mpaka akashika mifuko yake.

Yeye ndiye aliyechomeka waya kwenye lile tundu la santuri. Mimi nilisimamia. Mzee Melkior akamwinua kuku kwa heshima, akageuza gunzi. Ile mashine ikapumua, hmmm, kama mzee anayeketi. Mzee Eliakim mwenyewe akaleta sahani. Nikashusha sindano.

Wimbo wa kwanza wanaume. Halafu wa pili. Sauti ya mwanamke, peke yake, nyembamba, safi, inapanda mdogomdogo kama moshi wa asubuhi migombani. Ikapita kwenye pengo, ikajaa viwanja vyote viwili.

Hakuna aliyesogea. Mzee Eliakim alivua kofia. Gladys alikuwa ameziba mdomo, halafu nikaona midomo yake inafuata wimbo, na jamani, sauti ileile! Ilikuwa imo humo siku zote, hakuna aliyekuwa ameijua.

Katikati ya ubeti, khoo! Kikohozi kikubwa. Watoto wakacheka. Mzee Eliakim akatabasamu, akasema huyo ndiye mjinga wetu.

Wimbo ulipoisha, Mzee Melkior aliinuka. Akaenda mpaka kwenye pengo, akachuma jani la isale, akalifunga fundo. Akampelekea Mzee Eliakim kwa mikono miwili. Akasema ni yeye. Alikuwa anaimba besi, alikuwa na mafua, akaogopa kusema asiachwe siku ya kurekodi. Miaka yote anamsikia jirani akimlaumu mtu asiyejulikana, naye anajibu kweli, mjinga sana yule.

Mzee Eliakim akalipokea jani. Alimshika Melkior mkono, akaniambia: Primus, rudia mwanzo. Tumerudia mpaka jua likageuka. Kila kikohozi kikifika, watu wote wanapiga makofi.

Mashine? Imepatikana! Ile ya Dubai nilipanda nayo pia, na Mzee Melkior kazipenda taa zake kama mtoto, na yeye ana redio kaseti, ndiyo kazi yake ile. Tumebadilishana. Kaongeza sharti: kuku akitaka kutaga, nimpe ruhusa.

Na Mzee Eliakim kaniita pembeni. Amesema bado kazi yangu haielewi. Lakini nilete mbege. Ataionja.

Atakunywa debe, namjua.

Nimehema hewa yote iliyokuwa imenikaa kifuani tangu Jumapili ile. Nimejifunza, shajara yangu. Mdomo nimeufunga, ujanja nimeuacha, mali ya mtu siigusi. Primus mpya.


Jumatano, 29 Desemba

Nimewaza kitu.

Kumbe kila mtu ana kikohozi chake! Hata mzee mzima kama Melkior! Sasa fikiria Moshi mjini, watu wote wale wamepanda nyumbani sikukuu, wamegombana na baba, na shemeji, na jirani. Wanataka isale. Watalipata wapi? Wataanza kung'oa hovyo kama washamba! Isale la mjini, bichi, fundo limeshafungwa, mtu analinunua, anaenda kupatana na mkewe. Hii ni huduma. Hata maaskofu wangenishukuru.

Jovin kanirudishia baiskeli, yule mtu wa mlimani kaikataa. Nimepanda nayo Mwika leo, kimyakimya, nisiwasumbue wazee. Lile pengo walishaliziba, vizuri sana, sijaligusa. Mimi si mjinga. Nimehamia mstari wa upande wa pili, kule Mzee Eliakim anakopakana na shamba la kanisa. Kule yamesongamana mno, yanahitaji kupunguzwa. Nimekuja na panga langu safari hii. Mtu hujifunza.

Naandika nikiwa nimekalia mzigo wa kwanza. Mstari umepungua vizuri, sasa unaona mpaka kanisani.

Namwona Mzee Eliakim anakuja. Anakuja kwa mbio, umri ule! Ameshika panga.

Mzee mwema sana. Anakuja kunisaidia kukata.